Epicurus na Bustani Yake

Katika bahari ya Uyunani, karibu sana na pwani ya Asia, kimo kisiwa kiitwacho Samo. Huko, mwaka 341 kabla ya kuzaliwa Kristo, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Epicurus. Baba yake, Neocles, alikuwa mwananchi wa Athene, mmoja katika watu waliopelekwa na mji ule kukaa Samo na kugawiwa mashamba huko. Lakini shamba lake lilikuwa dogo, wala halikutosha kuwalisha mke na wana wanne. Kwa hiyo akawa mwalimu, akawafundisha watoto kusoma na kuandika kwa ujira mdogo. Siku zile kazi ya kufundisha watoto haikuhesabiwa kuwa kazi ya heshima. Hata baadaye, Epicurus alipokwisha kupata sifa, watu waliomchukia walimkumbusha ya kuwa baba yake alikuwa mtu wa kufundisha alifu kwa kijiti, na ya kuwa mama yake, Chaerestrate, alikuwa akienda nyumba kwa nyumba akisoma maneno ya kuondoa mikosi, huku mwanawe akifuatana naye. Maneno hayo yalinenwa kwa kumdharau. Lakini kama yalikuwa kweli, basi mtoto yule alipata kuona tangu udogo wake jinsi hofu inavyokaa ndani ya nyumba za watu, na jinsi mtu mwenye hofu alivyo mwepesi kutoa fedha.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 14, yasemwa ya kuwa alikuwa chuoni pamoja na wenzake, wakisoma mashairi ya Hesiod, mshairi wa kale aliyeeleza mwanzo wa ulimwengu na nasaba ya miungu ya Wayunani. Wakafika mahali palipoelezwa ya kuwa kitu cha kwanza kutokea kilikuwa utupu mkuu usio na umbo. Epicurus akataka kujua utupu huo ulitokea katika nini, maadamu hapakuwa na kitu kabla yake. Mwalimu hakuwa na jibu. Akasema kazi yake ni kufundisha mashairi tu, na mwenye kutaka kujua mambo kama hayo aende akawaulize wanafalsafa, yaani watu wapendao hekima. Huenda mwalimu alisema hivyo apate kumnyamazisha. Lakini mtoto yule aliyashika maneno hayo sawasawa na yalivyonenwa, akaenda kuwatafuta.

Hata alipotimia miaka 18 ilimpasa kwenda Athene, kwa kuwa kila kijana wa mji ule alitumika askari miaka miwili kabla ya kuhesabiwa mwananchi kamili. Katika kundi la vijana wa mwaka wake alikuwamo Menander, ambaye baadaye alitunga michezo ya kuchekesha iliyopendwa katika Uyunani wote. Ulikuwa mwaka 323. Mwaka huo huo Alexander, mfalme wa Makedonia, aliyewatiisha Wayunani na kuteka nchi mpaka Bara Hindi, alikufa Babeli kwa homa, hajatimia hata miaka 33. Waathene wakaona wamepata nafasi ya kujirudishia uhuru wao, wakashika silaha. Mwaka 322 walishindwa baharini na nchi kavu, na askari wa Makedonia wakaingia kukaa katika ngome ya bandari yao. Kisha ikatoka amri ya kuwa Waathene wote waliokuwa Samo waondoke, na mashamba yao warudishiwe wenyeji wa kale. Neocles akapoteza nyumba na shamba kwa pamoja, akavuka bahari na jamaa yake mpaka mji wa Colophon katika Asia; na mwanawe alipotoka Athene aliwakuta huko, wakimbizi katika mji wa watu wengine.

Mambo hayo yafaa kushikwa moyoni na kila asomaye habari za Epicurus. Watu wengi wamedhani ya kuwa mafundisho ya raha yalibuniwa na tajiri aliyelala juu ya godoro laini. Siyo. Yalibuniwa na kijana aliyeona nyumba ya baba yake imechukuliwa kwa amri ya siku moja, katika nyakati ambazo majemadari wa Alexander walipigana wao kwa wao, na mtu akilala usiku hakujua asubuhi mji wake utakuwa wa nani.

Huko Asia alikaa yapata miaka kumi akijifunza. Mmoja wa walimu wake aliitwa Nausiphanes, naye alimfundisha maneno ya Democritus, mwenye hekima wa kizazi kilichotangulia. Democritus alifundisha ya kuwa vitu vyote vimefanyika kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho wala kukatika, zitembeazo daima katika uwazi usio na mwisho. Chembe hizo huitwa atomu, na neno hilo kwa Kiyunani maana yake ni kitu kisichokatika. Zikikutana na kushikamana huwa jiwe, au maji, au mti, au mtu. Zikiachana, kitu kile hakipo tena, bali chembe zenyewe hazipotei. Wataalamu wa siku hizi wamekwisha kuzipasua atomu, wakaona ndani yake chembe nyingine ndogo zaidi. Walakini ni ajabu kwamba watu wasio na chombo chochote cha kutazamia, ila macho yao na akili zao, walikaribia kweli namna ile. Epicurus aliyapokea mafundisho hayo, akayafanya kuwa msingi wa nyumba yake yote. Ila hakumshukuru mwalimu wake. Alimfananisha na yavuyavu, yule mnyama wa bahari asiye na mifupa, akajisifu ya kuwa amejifundisha mwenyewe. Hilo ni doa katika habari zake, wala halikufutika.

Alipokuwa na miaka kama 30 alianza kufundisha watu, kwanza katika mji wa Mitilene, kisiwani Lesbo. Hapo hakukaa sana, kwa maana wafundishaji wengine waliinuka juu yake. Akaenda Lampsacus, mji ulio kando ya mlango wa bahari wa kuendea Bahari Nyeusi, naye huko alipokewa vizuri. Mitilene alikuwa amempata Hermarchus. Lampsacus akawapata Metrodorus, na Polyaenus aliyekuwa bingwa wa hesabu, na Idomeneus, na Leonteus pamoja na mkewe Themista. Ndugu zake watatu nao wakajiunga naye. Watu hawa hawakuwa wanafunzi wa kusikiliza na kwenda zao. Walikuwa rafiki, na wengi wao hawakuachana naye mpaka kufa.

Basi yapata mwaka 306 akarudi Athene, akanunua nyumba, na pamoja nayo bustani nje ya lango la mji, katika njia iendayo kwenye Akademia, kile chuo kilichoanzishwa na Plato. Bustani ilimgharimu mina 80, yaani drakma 8,000. Na fundi wa siku zile alipata drakma moja au mbili kwa kazi ya kutwa. Ndipo alipokaa na rafiki zake miaka 35 iliyobaki ya maisha yake, na watu wakakiita chuo chake Bustani. Seneca, Mrumi aliyeishi baadaye, aeleza ya kuwa mgeni akifika langoni alikaribishwa kwa moyo mkunjufu, akawekewa uji wa shayiri na maji tele, kisha akaulizwa kama amepokewa vyema.

Jambo moja katika Bustani liliwashangaza sana Waathene. Waliingia humo wanaume na wanawake, watu huru na watumwa, wakakaa na kujifunza pamoja. Mtumwa mmoja wa Epicurus, jina lake Mys, alijulikana kuwa mwanafunzi mwenye akili katika chuo. Walakini hawakuweka mali zao shirika. Wafuasi wa Pythagoras walikuwa wakifanya hivyo, lakini Epicurus alikataa, akafundisha ya kuwa wanaotaka kuweka mali mahali pamoja ni watu wasioaminiana, na wasioaminiana si rafiki. Rafiki wa kweli, akipungukiwa, hujua mlango wa kugonga.

Mafundisho yake yalikuwa na neno moja lililowakwaza watu, nalo ni neno la Kiyunani hedone, ambalo alilifanya kuwa ndilo jema kuu atafutalo kila mtu. Mwenye kulifasiri kwa Kiswahili hujikuta ana maneno mawili mkononi. Aweza kusema anasa, na aweza kusema raha. Anasa ni karamu na ngoma, manukato na mavazi ya thamani. Raha ni hali ya mgonjwa aliyepoa, ya mchukuzi aliyetua mzigo, ya mama aliyepata habari kuwa jahazi la mwanawe limetia nanga salama. Wayunani walikuwa na neno moja tu kwa mambo hayo yote. Adui za Epicurus walisikia anasa. Mwenyewe alinena raha. Kwake raha ilikuwa kwamba mwili usiumwe na moyo usifadhaike; na mtu akipata hayo mawili, alisema, raha yake imetimia, haizidi tena, ila hubadilika namna tu.

Kwa hiyo alizigawanya tamaa za watu mafungu matatu. Ziko tamaa za asili zilizo za lazima, kama mwenye njaa kutaka chakula na mwenye kiu kutaka maji. Ziko za asili zisizo za lazima, kama kutaka kitoweo cha tunu mahali pa mkate. Tena ziko zisizo za asili wala za lazima, kama kutaka kuvikwa taji mbele ya watu au kusimamishiwa sanamu sokoni. Za kwanza hutoshelezwa kwa vitu vichache vipatikanavyo karibu kila mahali. Za tatu hazina mwisho. Mwenye kuzifuata ni kama mtu aliyepotea baharini akanywa maji ya chumvi, na kila anywapo kiu humzidi. Yeye mwenyewe alikula mkate na kunywa maji. Siku moja alimwandikia rafiki yake kumwomba ampelekee kibweta cha jibini, ili apendapo apate kufanya karamu. Hiyo ndiyo iliyokuwa karamu ya mtu ambaye jina lake, katika lugha nyingi za Ulaya, lilikuja kuwa jina la walafi!

Wala hakufundisha ya kuwa kila raha ishikwe mara ionekanapo. Mtu hunywa dawa chungu apate kupona, na huacha tunda tamu lililojaa wadudu. Vivyo hivyo alitaka mtu apime kabla ya kuchagua, atazame raha ya leo italeta maumivu gani kesho. Tena alisema haiwezekani kukaa kwa raha pasipo busara na haki; maana mwenye kudhulumu, ajapokuwa hajaonekana, hulala na hofu ya kuonekana, na hofu hiyo ndiyo malipo yake ya kwanza.

Hofu ndiyo iliyokuwa adui wake mkubwa. Aliona ya kuwa mtu aweza kuwa na mkate na maji na mwili mzima, na bado asipate raha hata kidogo. Wayunani walikuwa na miungu mingi, nao wakiona ishara yoyote mbinguni walidhani mungu fulani amekasirika. Habari za jeshi la Athene zilikuwa hazijasahauliwa: mwaka 413, huko Sisilia, jeshi hilo lilikuwa tayari kuondoka mahali pa hatari, lakini mwezi ulipatwa, na jemadari akakawia kwa kuogopa ishara, mpaka adui wakawazunguka na kuwaangamiza maelfu kwa maelfu. Epicurus aliwafundisha watu watafute sababu za mambo katika maumbile yenyewe. Ngurumo yaweza kuwa upepo uliofungwa ndani ya wingu, au mawingu yanayokwaruzana, au wingu linalopasuka. Hakuona haja ya kuchagua moja, maadamu hasira ya miungu haimo. Hakukana kuwako kwa miungu. Alisema wako, nao wana raha kamili mbali na ulimwengu huu, na kwa sababu hiyo hawajisumbui na mambo ya wanadamu, kwa wema wala kwa ubaya. Hapo ndipo walipoachana naye wote wanaomwamini Mungu awaangaliaye watu wake. Na katika vitabu vya kale vya Wayahudi mtu mwenye kuidharau dini huitwa apikoros, kwa jina lifananalo na lake.

Na juu ya kifo alifundisha ya kuwa hata roho imefanyika kwa atomu, nazo hutawanyika mwili unapokufa. Basi hakuna mtu aliyebaki wa kuumizwa. Katika neno hili napo Wakristo hawakuweza kwenda pamoja naye. Lakini shabaha yake haikuwa kuwafanya watu waishi ovyo. Aliona ya kuwa wengi hawaishi kabisa, kwa jinsi wanavyoogopa kufa. Wafuasi wake baadaye waliyafupisha mafundisho haya yakawa mambo manne: juu ya miungu, juu ya kifo, juu ya jema na urahisi wa kulipata, juu ya maumivu na jinsi ya kuyavumilia. Wakayaita kwa jina la marhamu ya waganga iliyochanganywa kwa vitu vinne, yaani nta, shahamu, lami na utomvu wa mti.

Sifa ilipoenea, masingizio nayo yalienea. Timocrates, ndugu yake Metrodorus, aliondoka katika Bustani kwa ugomvi, akaandika ya kuwa Epicurus hutapika mara mbili kila siku kwa sababu ya kushiba kupita kiasi. Mtu mwingine, Diotimus wa chuo cha Wastoiko, alitunga barua 50 za aibu akazitangaza kwa jina la Epicurus. Palikuwa na wengi waliopenda kusadiki. Chuo chenye kuta, chenye wanawake na watumwa ndani, na mwalimu anayefundisha raha: watu wa nje walijaza wenyewe yale wasiyoyaona.

Ila ulikuja mwaka ambao mambo ya ndani yalionekana. Mwaka 295 Demetrius, mwana wa Antigonus aliyekuwa jemadari wa Alexander, aliuhusuru mji wa Athene. Akaharibu mashamba ya pande zote. Akakamata merikebu iliyokuwa ikileta nafaka, akamtundika mwenye mali na nahodha pamoja, na wengine waliposikia wakageuza merikebu zao. Mfalme wa Misri akapeleka merikebu 150 kuusaidia mji. Zikaonekana kwa mbali, matumaini yakaamka, lakini Demetrius alikuwa na 300, na Wamisri wakatweka matanga wakaenda zao. Njaa ikawa kali. Kipimo cha ngano cha kumtosha mtu mmoja kwa kama juma moja kilifika drakma 300. Plutarch, aliyeandika habari za Demetrius, aeleza ya kuwa baba mmoja na mwanawe walikuwa wameketi chumbani wamekata tamaa, na mara panya aliyekufa akaanguka kutoka darini. Wote wawili wakaruka, wakapigana kwa ajili ya panya yule.

Epicurus na jamaa zake walikuwa ndani ya mji huo huo. Alitoa akiba ya kunde waliyokuwa nayo, akawagawia watu wake kwa kuhesabu, punje kwa punje, kila mmoja hesabu yake. Hivyo akawahifadhi hai. Plutarch hakuwa rafiki wa mafundisho ya Epicurus, aliandika vitabu vizima vya kuyapinga. Kwa hiyo ushuhuda wake katika jambo hili una uzito. Mwaka 294 mji ukasalimu amri. Demetrius akawakusanya watu katika ukumbi wa michezo, akawazungushia askari, nao wakadhani saa yao imefika. Lakini akawasamehe, akawapa nafaka. Bustani ikaendelea.

Si kwamba Waathene hawakuwa na neno la haki la kumlaumu. Alifundisha ya kuwa mwenye hekima asiingie katika mambo ya serikali, bali akae kwa siri na rafiki zake, maana vyeo huleta husuda na husuda huleta mashaka. Kijana aliyemwona baba yake akifukuzwa kwa sababu ya vita vya wakubwa aweza kueleweka akisema hivyo. Hata hivyo kuta zilizoilinda Bustani zililindwa na watu wengine, walioacha raha zao wakapanda juu yake na mikuki. Jambo hilo hakulijibu vizuri. Tena alikuwa mgumu katika makosa yake. Aliamini ya kuwa jua ni kubwa kama lionekanavyo kwa macho, au limezidi au kupungua kidogo tu. Aristarchus, mtu wa kisiwa cha Samo kama yeye, lakini mdogo wake kwa miaka mingi, alipima kwa hesabu akaona ya kuwa jua ni kubwa kupita dunia yote. Na juu ya watumwa, aliwafundisha na kula nao, bali Mys alikaa mtumwa mpaka siku ya wosia.

Uzeeni mwake alishikwa na maradhi ya jiwe lililoziba njia ya mkojo. Aliyekuwa amefundisha miaka mingi ya kuwa maumivu makali hayadumu na yanayodumu huvumilika, sasa maneno yake yalikuja kumdai. Metrodorus, aliyempenda kuliko wote, alikuwa amekufa yapata miaka saba iliyopita, ameacha watoto wadogo. Siku 14 Epicurus aliumwa. Siku ya mwisho aliandika barua kwa Idomeneus. Hakuficha kitu: alisema maumivu ya mkojo na ya tumbo yamefika mahali ambapo hayawezi kuzidi tena. Lakini akaandika ya kuwa siku hiyo ni ya heri kwake, kwa sababu ameyaweka maumivu upande mmoja, na upande wa pili ameweka kumbukumbu ya mazungumzo waliyokuwa nayo zamani, nao upande huo umekuwa mzito zaidi. Kisha akamwomba Idomeneus awatunze watoto wa Metrodorus. Akaingia katika birika la shaba lililotiwa maji ya moto, akaomba divai isiyochanganywa na maji, akainywa, akawaambia waliokuwapo wayakumbuke mafundisho yake, akafa. Ulikuwa mwaka 270, naye alikuwa na umri wa miaka 72.

Wosia wake ulikuwa wazi. Bustani aliiweka mikononi mwa watu wawili wa Athene, ili Hermarchus na wenzake wapate kukaa humo. Mwana wa Metrodorus na mwana wa Polyaenus walelewe na kulishwa, na binti wa Metrodorus aozwe kwa mtu wa chuo, na mahari yake itolewe katika mali ya Bustani. Mys na watumwa wengine watatu, mmoja wao mwanamke aliyeitwa Phaedrium, wapewe uhuru. Na siku ya 20 ya kila mwezi rafiki zake wakutane, kama walivyozoea, kumkumbuka yeye na Metrodorus.

Mikutano hiyo ilidumu karne nyingi. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, Lucretius aliyaeleza mafundisho yote kwa mashairi ya Kilatini. Kitabu chake kikasahauliwa, kikagunduliwa tena mwaka 1417. Mtume Paulo alipofika Athene, yapata mwaka 50 baada ya Kristo, alikutana na Waepikureo na Wastoiko, wakabishana naye sokoni. Mwaka 79 mlima wa moto Vesuvius ulifunika mji wa Herculaneum, na nyumba moja yenye magombo mengi ya Waepikureo ikazikwa ndani ya majivu. Yalifukuliwa tangu mwaka 1752, meusi kama makaa, na wataalamu wa leo huyasoma kidogo kidogo. Epicurus mwenyewe aliandika magombo yapata 300. Karibu yote yamepotea, ila barua tatu na orodha ya mafundisho 40, ambazo Diogenes Laertius alizinakili katika kitabu chake cha maisha ya wanafalsafa.

Palikuwa pia na Diogenes mwingine, mzee wa mji wa Oenoanda, katika milima ya Likia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Aliishi katika karne ya pili baada ya Kristo, miaka 400 hivi baada ya Epicurus kufa. Alipoona ya kuwa mwisho wake umekaribia, na ya kuwa watu wengi wanasumbuliwa na hofu zile zile, wakiambukizana kama kondoo waambukizanavyo ugonjwa, hakutaka kuondoka bila kuwaachia kitu. Akagharimia ukuta mrefu mjini, akaamuru mafundisho ya Epicurus yachongwe juu yake kwa herufi kubwa, yasomwe na wenyeji na wageni wapitao njia, hata na watu ambao hawajazaliwa bado. Baadaye ukuta ulivunjwa, na mawe yake yakatumika kujengea mahali pengine. Wachunguzi Wafaransa waliyaona mawe ya kwanza mwaka 1884. Tangu hapo yamepatikana mapande karibu 300, na mengine yangali ardhini.